Asilimia 30 ya makaratasi

Watu wa tenda, hebu twende Atlanta kidogo. Maynard Jackson alichaguliwa meya mwaka 1973, Mweusi wa kwanza pale. Kandarasi za jiji zilizokuwa zikienda kwa kampuni za Weusi hazikufika hata asilimia 1. Uwanja wa ndege ulipokuwa unapanuliwa akakaza: asilimia 25 ya kazi iende kwa Weusi na wengine waliotengwa, la sivyo hakuna kujenga. Wakubwa wakanuna. Jengo jipya likafunguliwa 1980, nao wakiwa ndani.

Kwetu sheria inasema asilimia 30 ya tenda ni za vijana, wanawake na walemavu. Sawa, cheti ninacho. Niliwaletea ofisi moja ya kaunti viti, wakanihesabu kwenye lengo lao. Miezi tisa sasa sijalipwa. Na ile mkopo ya sacco hailali.