GUNSUNDARI (filamu bubu, 1927)

Gunsundari ni filamu bubu iliyotengenezwa Bombay na kampuni ya Kohinoor chini ya uongozi wa Chandulal Shah, nayo ni miongoni mwa tamthilia za mwanzo za sinema ya Bara Hindi zilizothubutu kumtwaa mke wa nyumbani, asiye malkia wala mungu wa kike, na kumfanya mwenye kauli.

Hadithi

Gunsundari ni mke mtiifu ashughulikaye na kazi za nyumba tangu alfajiri hata usiku, naye mumewe arejeapo kazini akitaka wa kumsikiliza humkuta amechoka na ana mashaka yake mwenyewe ya kueleza. Basi mume huyo, badala ya kuketi naye wakashauriana, hukimbilia nje kwa mwanamke mcheza ngoma. Nguvu yote ya filamu imo katika usiku ule ambao mke naye ajipamba, ashika njia ya kutoka, na aulizwapo na mumewe aendako, amrudishia swali lile lile. Swali hilo fupi, ambalo watazamaji walilisoma kwa maandishi juu ya kitambaa, lilikuwa zito kweli kweli, kwa kuwa lilimtaka mwanamume akubali kupimwa kwa mizani ile ile ampimiayo mkewe.

Waigizaji

Mke aliigizwa na Gohar, binti wa Kibohora aliyezaliwa Lahore mwaka 1910, ambaye aliingia katika sinema mwaka 1926, baada ya biashara ya baba yake kuanguka, zama ambazo watu wa heshima waliiona kazi hiyo kuwa fedheha kwa mwanamke. Mwaka 1929 yeye na Shah waliasisi kampuni ya Ranjit. Mwigizaji mwenziwe wa zama hizo, Sulochana, yaani Ruby Myers, aliyekuwa mhudumu wa simu kabla ya sinema, aliwaigiza wanawake wa kazi katika filamu nyingine, Telephone Girl na Typist Girl, zote za 1926.

Mume aliigizwa na Raja Sandow.

Afrika ya Mashariki

Nyumba za Kigujarati, ambazo hadithi kama hii ingezigusa, si ngeni Tabora: Musa Mzuri, tajiri wa asili ya Surat, alifanya biashara Kaze, yaani Tabora ya kale, zama za misafara, akampokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, nusu karne kabla ya Reli ya Kati kufika mwaka 1912. Huko Unguja, mfanyabiashara Jariwalla alifungua jumba la sinema la Royal mwaka 1921.

Baadaye

Shah aliitengeneza upya kwa sauti mwaka 1934, na mwaka 1948 ikatoka tena kwa Kigujarati, akiigiza Nirupa Roy.