Mipira ya vioo vya pikapu za zamani

Land Cruiser za aina ya 40 zilitoka Japani tangu 1960 hadi 1984, aina ya 70 ilipozirithi. Lava ya Nyiragongo ilipoingia Goma tarehe 17 Januari 2002, wengi walikimbia kwa miguu. Ndipo tulipojua thamani ya gari linalowaka.

Chuma kinavumilia, mpira wa kioo hapana. Jua linaukausha, unapasuka, maji yanaingia na kuozesha mlango kutoka ndani. Kipande cha mpira wa gurudumu kinaziba siku chache tu.

Basi usitupe mpira wa kale. Kata kipande, kipeleke sokoni, linganisha mifereji yake na unene wa kioo na wa bati. Usinunue kwa jina la gari tu. Ndani ya kabini hukaa mgonjwa, mtoto na unga wa safari.