Jinsi virusi hai vya mafua vinavyohesabiwa maabarani

Mvua na baridi zinapotanda juu ya vilima vya Litein, Kaunti ya Kericho, mchuma chai anayeshikwa na homa na kikohozi hukabiliwa na uamuzi mgumu, kwani malipo yake hutegemea kilo za majani anazochuma. Daktari naye hawezi kubaini kwa macho tu iwapo mgonjwa ana virusi vya mafua ama maradhi mengine ya kifua. Jibu la hakika hutoka maabarani.

Katika miaka ya 2000, hospitali ya serikali mjini Kericho ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyokusanya sampuli za wagonjwa wa mafua, chini ya mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya (KEMRI) na kitengo cha utafiti wa tiba cha Jeshi la Marekani. Sampuli zilichunguzwa Nairobi.

Kipimo cha PCR hutambua chembe za urithi za virusi, lakini hakitofautishi kirusi hai na mabaki ya kilichokufa. Ili kujua idadi ya virusi vinavyoweza kuambukiza, wataalamu huvikuza ndani ya seli hai.

Seli zinazotumiwa sana huitwa MDCK. Asili yake ni figo ya mbwa, na zilianzishwa nchini Marekani mwaka wa 1958 na watafiti Madin na Darby. Hukuzwa ndani ya sahani hadi zitandae chini yake mithili ya mkeka. Kimeng'enya kiitwacho tripsini huongezwa, kwani bila hicho virusi vingi vya mafua havienei kutoka seli moja hadi nyingine.

Majimaji yenye virusi huzimuliwa mara kumi, kisha mara kumi tena, hatua kwa hatua. Kiasi kidogo cha kila hatua humwagwa juu ya seli, zikafunikwa kwa rojo nzito inayozuia virusi kusambaa mbali. Baada ya siku mbili au tatu, seli hutiwa rangi. Palipo na seli zilizokufa huonekana tundu jeupe, na kila tundu huhesabiwa kuwa limetokana na kirusi kimoja.

Kwa mfano, matundu 40 yakitokana na mililita 0.1 ya majimaji yaliyozimuliwa mara 100,000, basi kila mililita ya awali ilikuwa na virusi hai milioni 40. Mbinu hii ilibuniwa na Renato Dulbecco mwaka wa 1952.

Hesabu hiyo haina maana iwapo virusi vilikufa njiani. Sampuli inayotoka nyanda za chai yapasa kuwekwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na ikiwa itacheleweshwa kwa siku kadhaa, igandishwe katika nyuzijoto 70 chini ya sufuri. Friza ya kawaida haifai, kwani huviharibu virusi.

Matokeo haya aghalabu hupatikana mgonjwa akiwa amekwisha kupona. Faida yake ni kwa wengine: virusi vilivyokuzwa hutumiwa kupima nguvu za dawa, na kuliwezesha Shirika la Afya Duniani (WHO) kupendekeza, kila Februari na Septemba, aina za virusi zitakazotiwa katika chanjo. Eneo lisilotuma sampuli hai halina virusi vyake katika uteuzi huo.