Mtihani wa Matabibu wa Baghdad na Somo Lake kwa Familia Zetu



Mwaka 2005, nilipokuwa kijana ninayefundisha watoto alifu na Juzuu Amma, baba mmoja alinijia baada ya Magharibi amembeba mwanawe anayetetemeka kwa homa. Aliniomba nimwandikie kombe. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda hospitali, alisema hana pesa, na asiye na pesa akishatibiwa huzuiliwa huko mpaka ndugu zake walipe. Nikaandika kombe, wakaenda zao, nami nikalala nikijiona nimesaidia. Usiku ule mtoto akashikwa na degedege. Jirani yao, mama mmoja muuguzi, ndiye aliyewahimiza majirani wachange, mtoto akapelekwa kutibiwa malaria. Alhamdulillah alipona. Lakini swali halikuniacha: lau angekufa, dhamana ingekuwa ya nani?

Ndugu zangu, Qur'ani ni shifaa, hilo hatulitilii shaka. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha pia kutafuta dawa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi bila ya kuyaletea tiba. Na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ametufundisha kwamba mtu anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Nia njema haimwondolei dhamana. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisoma. Sikuwa nimefikiri kwamba inanihusu mimi.

Waliotutangulia waliichukulia dhamana hii kwa uzito. Mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladia, Khalifa al-Muqtadir aliletewa habari mjini Baghdad kwamba tabibu mmoja amekosea na mgonjwa amekufa. Khalifa akamwamuru muhtasibu, yule msimamizi wa masoko na kazi za watu, azuie kila mtu kutibu isipokuwa aliyepimwa na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wanahistoria wanasema waliopimwa walizidi 860 katika pande mbili za mji, bila ya kuwahesabu wale mashuhuri waliosamehewa mtihani. Tuzingatie pia kwamba Sinan alitoka katika ukoo wa Masabii wa Harran, na wakati ule alikuwa bado hajasilimu. Khalifa wa Waislamu alitafuta elimu na uaminifu pale vilipokuwepo.

Katika mtihani huo kuna kisa cha mzee mmoja aliyekuja amevaa vizuri, ana haiba. Sinan akamheshimu, akamtaka aeleze alichojifunza na kwa nani. Mzee akatoa dinari, akaziweka mbele yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, ila ana watoto wanaomtegemea na kazi hii ndiyo riziki yake. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimtibu mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asitoe damu au dawa kali ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo desturi yake siku zote, hajapita sharubati na siki ya asali. Kesho yake akaja kijana, akaulizwa mwalimu wake ni nani. Akamtaja yule yule mzee, baba yake! Naye akaruhusiwa kwa sharti lile lile.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini ndani yake mna hekima kubwa. Anayejua mpaka wa elimu yake na akasimama hapo, madhara yake ni machache. Hatari ni yule asiyeujua mpaka, kama nilivyokuwa mimi usiku ule.

Karne mbili na zaidi baadaye, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wahtasibu, na ndani yake akaeleza utaratibu huu. Tabibu amuulize mgonjwa sababu ya maradhi na maumivu anayoyaona, kisha aandike dawa aliyotoa, na nakala ya maandishi hayo wapewe jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa akifa, jamaa wazipeleke karatasi kwa tabibu mkuu azikague. Akiona kazi ilifanywa sawasawa, ni ajali imefika. Akiona uzembe, jamaa wadai diya. Karatasi ile ilimlinda mgonjwa, na ilimlinda pia tabibu mwema asisingiziwe.

Na ada je? Mjini Cairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun alijenga hospitali ya Mansuri na kuiwekea waqfu. Mapato ya waqfu yalilipa chakula, dawa, vitanda na mishahara ya matabibu, na hata kumwosha na kumzika aliyefia humo. Tajiri na maskini walipokelewa.

Turudi kwetu. Kuanzia mwaka 2002 hospitali za serikali ya Burundi ziliwataka wagonjwa wabebe gharama za matibabu, na waliokosa kulipa wakazuiliwa, wakiwemo kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Habari hizi ziliandikwa mwaka 2006 katika ripoti ya Human Rights Watch na APRODH. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo Rais Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa kina mama wanaojifungua. Hospitali zilifurika na wauguzi wakalemewa. Mwaka 2010 nchi nzima ikaingia katika utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kwa kazi vilizofanya, na ubora wake ukaguliwe. Ukaguzi huo ni dada wa ile kazi ya muhtasibu.

Tangazo lile lilikuja mwaka mmoja baada ya baba yule kubisha mlangoni kwangu. Hofu ya deni ndiyo iliyomleta kwa mtu asiyejua kutibu. Kwa hiyo usalama wa mgonjwa huanza kabla hajafika kwa daktari.

Basi wazazi wenzangu, tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya kwanza, na dua iende pamoja naye. Tuulize kwa adabu jina la dawa na kipimo chake, na tulihifadhi daftari la mgonjwa kama tunavyohifadhi hati ya nyumba. Tusinunue dawa kwa kusikia ya jirani. Sisi walimu tujue mpaka wetu. Na kila msikiti uwe na kisanduku cha wagonjwa, hata kama ni faranga chache kila Ijumaa, ili asiwepo mtu wa kuogopa mlango wa hospitali. Hiyo nayo ni sadaka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Wabillahi tawfiq.