Walijibu Maswali Bure, Majibu Yakauzwa kwa Mabilioni: Stori ya Waliotufundisha Databesi

Meseji zako zote za WhatsApp, pamoja na za yule uliyem-block, zimekaa kwenye databesi. Ni faili tu ndani ya simu yako, linaloendeshwa na programu inayoitwa SQLite iliyoanza mwaka 2000. Kwenye vitabu utakuta wanaiita kanzidata. Sisi mtaani ni databesi, tuendelee nayo hivyo hivyo.

Leo sitaji jina la mtu. Wengine ni mabilionea, wengine ni watu wa kawaida kabisa waliokaa usiku kujibu maswali ya watu wasiowajua, na stori yenyewe ni ya hao wa pili zaidi.

Tuanze na mzee mmoja Mwingereza, mwanahisabati, rubani wa RAF enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambaye baadaye aliajiriwa na IBM kule Marekani. Juni 1970 akachapisha andiko lililobadilisha kila kitu. Kabla yake, kutafuta taarifa kwenye kompyuta kulikuwa kama kuelekezwa nyumba Manzese: shuka kituoni, pita kwa muuza chipsi, ukiona geti la bluu kata kushoto. Muuza chipsi akihama, umepotea. Mzee akasema hapana, pangeni taarifa kwenye majedwali, mtu aseme anachotaka, njia ya kukifikia itafutwe na mashine yenyewe.

Unadhani IBM walimshangilia? Walikuwa tayari wanauza mfumo mwingine wa zamani, ule uliozaliwa kwenye mradi wa kupeleka watu mwezini, na ulikuwa unaingiza mkwanja. Wakajivuta. Mwaka 1974 watafiti wawili wa humo humo ndani wakatoa lugha ya kuyauliza hayo majedwali, wakaiita SEQUEL, halafu ikabidi jina likatwe libaki SQL kwa sababu kuna kampuni ya ndege ya Uingereza ilishalisajili.

Kosa lao (au baraka yetu) ni kwamba maandiko yote yalichapishwa wazi, yeyote angeweza kuyasoma. Jamaa watatu wa California wakayasoma, wakaanzisha kampuni yao mwaka 1977, na 1979 wakatoa Oracle toleo la pili. La kwanza halikuwahi kuuzwa. Waliona hakuna mtu atakayenunua toleo la kwanza la kitu chochote. Uhuni wa mjini huo.

Wengine waliosoma ni maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973 wakaamua kuijenga na wanafunzi wao. Hapo ndipo mimi naona somo lilipoanzia. Hakukuwa na cha kuigilizia, hakukuwa na kozi. Wanafunzi waliandika, ikagoma, wakaandika tena, na kazi ikasambazwa kwa vyuo vingine kwenye tepu kwa ada ndogo. Mwaka 1986 ukaja mradi wa pili, Postgres. Huu ulipendwa mpaka ukaponzwa na kupendwa: watumiaji wa nje walikuwa wengi, na kuwahudumia kulikula muda wa utafiti. Chuo kikafunga mradi.

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wakaokota kodi (ya kompyuta, sio ya TRA), wakaiwekea SQL, wakaiachia kwenye intaneti. Watu wa nchi tofauti, wengi hawajawahi kuonana, wakaanza kuirekebisha kwa kuandikiana barua pepe. Mtu anauliza kwa nini swali lake linachukua dakika kumi, mwingine upande wa pili wa dunia anamwonyesha. Mwaka 1996 ikabatizwa PostgreSQL. Mpaka leo haina mwenye mali, kwa hiyo hakuna wa kumpelekea ofa.

MySQL ilikuwa na mwenye mali. Ilianza 1995, na My ni jina la binti wa mwanzilishi mmoja, Mfini. Hii ndiyo iliyotufikia sisi. Mpaka nyaya za baharini zinafika Mombasa na Dar mwaka 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipita kwenye setelaiti na ilikuwa ghali. Lakini tangu 2002 kulikuwa na kifurushi kinaitwa XAMPP, chenye MySQL na kila unachohitaji. Unakibeba kwenye flashi, unakimwaga kwenye kompyuta ya chumbani, unakuwa na seva yako bila bando hata la shilingi. Uzuri wa kitu hicho ni kwamba unaweza kukiharibu. Unaandika DELETE, unasahau kuweka WHERE, jedwali zima linabaki jeupe, moyo unapiga paa! Hakuna mhadhara unaofundisha hivyo. Mimi nilishafanya, na haikuwa chumbani, ilikuwa ofisini kwa watu. Tuyaache.

Kisha 2008 ikaja Stack Overflow. Ukikwama, unauliza. Lakini ole wako uulize kizembe! Utaambiwa onyesha majedwali yako, onyesha ulichojaribu, swali hili lilishaulizwa, limefungwa. Wengi waliondoka wanalia, na Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba pale sio mahali pa ukarimu. Ila niseme ukweli, ule ukali ulifundisha. Ili usichekwe unapunguza tatizo lako mpaka libaki mistari mitano, na mara nyingi ukifika mstari wa tano jibu umeshaliona, hata hujabonyeza kutuma.

Sasa ije pesa. Mwaka 2008 kampuni ya Sun ilinunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2010 Sun nayo ikamezwa na Oracle, wale wale wa toleo la pili. Mfini alishaona mvua inakuja. 2009 akachukua kodi ambayo leseni iliiacha huru, akaanza upya na kuiita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo. Asionewe huruma sana, mgawo wake wa kwanza alishalamba.

Stack Overflow ikauzwa 2021 kwa dola bilioni 1.8, na mnunuzi, Prosus, mwenye hisa nyingi kwake ni Naspers ya Afrika Kusini. Waliojibu maswali kwa miaka kumi na tatu walibaki na pointi zao na beji zao. Mwisho wa 2022 ChatGPT ikatoka. Mtandao ule ukapiga marufuku majibu yake ndani ya siku chache, lakini waulizaji wenyewe walikuwa wameshaanza kuhama, maana roboti haikuchambi ukiuliza vibaya.

Mei 2024 kampuni ikatangaza dili na OpenAI, kwamba majibu ya watu yatatumika kwenye modeli zao. Baadhi ya wakongwe wakachukia, wakaingia kufuta walichoandika. Majibu yakarudishwa, akaunti zao zikafungiwa kwa muda. Leseni waliyokubali siku ya kwanza ilishasema mchango ukitolewa umetolewa. Watu walewale waliotufundisha DELETE, ya kwao ikagoma.

Haya, wewe databesi yako ya kwanza uliiua vipi, na nani mtandaoni alikuokoa? Mwage hapo chini, ila usitaje ofisi.