Kinga ya Nywele Huanzia Mikononi mwa Msusi

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila unywele una ratiba yake. Hukua kwa miaka miwili hadi sita, wastani wa sentimita moja kwa mwezi (nywele za kipilipili huenda polepole zaidi), kisha kinyweleo chake husinyaa kwa wiki mbili tatu, hupumzika kwa miezi kama mitatu, na mwishowe unywele hung'oka ili kupisha mwingine. Kwa kuwa vinyweleo havipumziki vyote kwa wakati mmoja, mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kupungukiwa na chochote. Aliyekaa na rasta kwa wiki sita hukutana siku ya kufumua na nywele 2,000 hadi 4,000 kwa mkupuo, kwa sababu zilizong'oka siku zote hizo zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko. Fungu hilo sakafuni humtisha, ilhali hesabu yake ni ya kawaida.

Kabla ya kutafuta dawa, unywele uliobaki kwenye kitana utazamwe kwa karibu. Ukiwa na kifundo kidogo cheupe kwenye ncha moja, umetoka na shina lake, na sababu itafutwe kwenye ngozi ya kichwa au ndani ya mwili. Usipokuwa nacho, umekatika njiani: tatizo ni ukavu, moto au dawa ya kulainisha, na kinyweleo chake kiko salama. Mafuta mengi yanayosifiwa mitaani husaidia nywele zinazokatika, lakini hutangazwa kana kwamba yanaotesha zilizonyonyoka. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Sababu kuu

Upara wa kurithi ndio unaojulikana zaidi. Kwa wanaume huanzia kwenye paji la uso au utosini. Kwa wanawake nywele hupungua taratibu katikati ya kichwa. Vinyweleo vyenye asili hiyo hudhoofishwa na homoni inayotokana na testosteroni, na kila mzunguko hutoa unywele mwembamba kuliko uliotangulia. Hakuna chakula wala mafuta yaliyothibitishwa kuuzuia. Minoksidili, ambayo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu kabla wagonjwa hawajaonekana wakiota nywele kila mahali, iliruhusiwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kupaka kichwani. Huwasaidia wengi, ila anayeiacha hupoteza alichokipata ndani ya miezi michache.

Aina ya pili hufuata mshtuko wa mwili: malaria kali, taifodi, upasuaji, kujifungua, au kupunguza uzito kwa pupa. Vinyweleo vingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha nywele hupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kusahau homa yake na kuanza kuilaumu shampuu mpya. Mama aliyejifungua huliona hilo mtoto akiwa na miezi mitatu au minne. Kwa kawaida nywele hurudi zenyewe, na mara nyingi mtoto anapotimiza mwaka kichwa cha mama kimeshajaa tena.

Kuna pia mabaka ya mviringo yenye ngozi laini kabisa, yanayotokea ghafla kwa sababu kinga ya mwili imevishambulia vinyweleo. Na kuna mapunye ya watoto, yanayoletwa na fangasi: ngozi huwa na magamba na nywele hukatikia usawa wa ngozi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, kwa kuwa fangasi wamejificha ndani ya shina la unywele. Yanahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Vitana visichangiwe, na mashine ya kinyozi isafishwe kabla ya kuhamia kichwa kingine.

Nywele zinazovutwa

Sababu iliyo rahisi kuliko zote kuikinga ni ile ya kuvutwa, na kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki hii ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza. Wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1907 ilielezwa kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa nguvu kwa muda mrefu. Baada ya hapo imeonekana kwa Masingasinga wanaofunga nywele chini ya kilemba, kwa wacheza baleti, na popote mtu anapobana nywele mahali pamoja kila siku. Kwetu msuko ni desturi ya tangu utotoni, na nywele bandia zimeuongezea uzito.

Takwimu zinazofahamika zaidi zimetoka Afrika Kusini. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2007, waliukuta upungufu wa nywele wa aina hii kwa 31.7% ya wanawake watu wazima waliochunguzwa, na kwa 17.1% ya wasichana wa shule. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zilipovutwa kwa msuko au kushonewa nywele bandia. Sababu yake haifichiki. Dawa nyingi za aina hiyo zina kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, na hulainisha unywele kwa kuvunja viungo vinavyoupa nguvu. Unywele uliokwisha kudhoofishwa ndio unaotwishwa mzigo.

Dalili huanza mapema, na wengi huzizoea. Jioni ya siku ya kusukwa, paji linavuta, nyusi zimepanda, na kulala ubavu ni kazi. Mtu anameza panadol na kujiambia kesho itapoa. Siku ya pili au ya tatu, vijipele hujitokeza pembezoni, vingine vina usaha, na kwenye shina la kila rasta huonekana ngozi imeinuka kama kihema kidogo. Hiyo ngozi iliyoinuka ni ishara kuwa kinyweleo kinavutwa kutoka mahali pake. Baada ya miaka ya kurudia, nywele za juu ya masikio na za mbele hupungua, na mara nyingi kunabaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi mbele kabisa, vile vilivyokuwa vifupi mno kushikwa na msusi. Daktari akiuona mstari huo anajua kuwa nywele zimevutwa.

Katika hatua hiyo nywele bado zinaweza kurudi, mradi uvutaji ukome. Vinyweleo vikigeuka kovu, ngozi inakuwa laini na yenye kung'aa, na hakuna mafuta yatakayorudisha nywele. Ndiyo maana katika ugonjwa huu kinga haina mbadala.

Kinga yenyewe hufanyika juu ya kigoda. Msusi anayeijua kazi yake huanza na nywele za mteja mwenyewe kabla ya kuongeza za bandia, hachukui nywele chache kwa rasta nene, na haanzishi mstari kwenye vinywele vya mbele kabisa. Rasta nyembamba sana, ndefu hadi kiunoni, hulipiwa zaidi na hupendeza pichani. Zikilowa maji uzito wake huongezeka, na wote unaangukia kwenye mashina machache ya pembeni. Wateja wengi huamini msuko usiobana haudumu, na msusi huogopa kuambiwa kazi yake imelegea. Kwa hiyo mteja ndiye anayepaswa kusema tangu mwanzo: dada, usinibane pembeni. Ikiuma wakati wa kusukwa, mstari ufumuliwe palepale. Kidonge cha maumivu kinanyamazisha maumivu tu, na unywele unaendelea kuvutwa.

Rasta zisizidi miezi miwili kichwani, na kati ya msuko na msuko kichwa kipewe wiki kadhaa za kupumua. Aliyeweka dawa ya kulainisha asisukwe kabla ya wiki mbili angalau kupita. Mitindo nayo ibadilishwe: msuko wa twende kilioni bila nywele bandia, mabutu mapana, au nywele zilizoachwa wazi. Wigi linalokaa kwa kitambaa laini lina nafuu kuliko la kugandishwa kwa gundi kando ya paji, maana gundi ikibanduliwa huondoka na vinywele. Ushungi hauna kosa. Kosa ni fundo lililobanwa mahali palepale chini yake mwaka mzima.

Watoto wanahitaji upole zaidi. Nywele zao za pembeni ni nyembamba, na mtoto wa miaka minne anayelia chini ya mikono ya msusi siku ya kuamkia sikukuu analia kwa sababu ya haki. Shule nyingi za serikali Tanzania huwataka wasichana wakate nywele fupi, sharti linalolalamikiwa na wengi, ila mashina ya nywele hunufaika nalo kimyakimya. Kisha msichana anamaliza kidato cha nne, na ndani ya mwezi mmoja anawekewa dawa, anasukwa rasta za kiunoni na kubandikwa wigi, vyote kwenye nywele ambazo hazijawahi kubeba chochote.

Upungufu unaoanzia utosini na kupanuka kama duara, wenye kuwasha, kuuma au kuchomachoma, ni ugonjwa mwingine unaoacha kovu, na huwapata zaidi wanawake weusi. Huo hausubiri kujaribiwa mafuta.

Vya jikoni

Mafuta ya nazi yanastahili sifa zake, kwa kazi yake. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli hayakulifanya. Yapakwe kabla ya kuosha, kwenye urefu wa nywele na ncha zake, ambako ndiko kwenye ukongwe. Kuyamimina kwenye ngozi yenye mba huweza kuwapa chakula fangasi wanaohusika na mba hiyo.

Mafuta ya nyonyo ni mazito, hung'arisha na kupunguza msuguano, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kuwa yanaotesha nywele. Yakizidi hushikamanisha nywele, na kuzichambua baadaye huzikata. Habasoda na shubiri hutuliza ngozi kwa baadhi ya watu. Wengine huwawasha, hivyo tone moja lijaribiwe kwanza nyuma ya sikio.

Maji ya kitunguu yana hadithi ya kweli nyuma yake. Madaktari wa Baghdad waliwapaka watu wenye yale mabaka ya mviringo mara mbili kwa siku, na katika wiki ya sita nywele zilikuwa zimeota kwa 20 kati ya 23. Waliopakwa maji matupu walipata nafuu wawili tu kati ya 15. Utafiti huo wa mwaka 2002 ulikuwa mdogo, ulihusu ugonjwa ambao mara nyingi hupona wenyewe, na kwa harufu ile hakuna aliyeweza kufichwa amepakwa nini. Hauhusu upara wa kurithi wala nywele zilizovutwa, ingawa ndivyo unavyonukuliwa. Mafuta ya rosemari nayo yalilinganishwa nchini Iran, mwaka 2015, na minoksidili ya 2% kwa wanaume 100. Baada ya miezi sita pande zote mbili zilikaribiana. Lakini 2% ni nguvu ndogo, na hakukuwa na kundi lisilopakwa kitu.

Vya sahani

Nywele hushiba kwenye damu. Mwili ukipungukiwa na madini ya chuma, viungo muhimu huhudumiwa kwanza na nywele husubiri. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 uliwakuta na upungufu wa damu wanawake 45% wa umri wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo hili si suala la wachache. Dagaa, maini, nyama, maharage, mchicha na matembele huleta chuma. Chuma cha mboga hufyonzwa vizuri kukiwa na limau au chungwa, na vibaya kukiwa na chai. Kikombe cha chai kisogezwe saa moja au mbili baada ya mlo. Udongo wa pemba ambao wajawazito wengi huutafuna huweza kuzuia chuma kisifyonzwe, na mwenye kuutamani sana huenda tayari ana upungufu. Protini nayo ihesabiwe, hasa kwa anayefunga chakula ili apungue: mayai, kunde na samaki vinatosha, bila unga wa dukani.

Vidonge vya "vitamini za nywele" havimsaidii asiyepungukiwa. Vitamini A ikizidi, nywele hunyonyoka. Seleniamu ikizidi, vivyo hivyo.

Kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kunatosha nywele nyingi za kipilipili, zikichambuliwa zikiwa na unyevu na krimu, kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina. Draya isiwe kwenye moto wa juu. Kitambaa cha satini usiku hupunguza msuguano wa mto.

Kwenda hospitali

Mwenye mabaka, kovu, usaha, maumivu au nywele zinazopukutika zaidi ya miezi sita, na mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na ndevu zinamwota, wote wanahitaji uchunguzi. Wataalamu wa ngozi ni wachache, ila wapo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, wakiwamo wanaotoka nchi nyingine za Afrika. Daktari ataangalia pembezoni na utosini, atauliza kuhusu homa na uzazi wa miezi iliyopita, na huenda akapima damu, akiba ya chuma na tezi la shingo. Anayekunywa biotini aseme kabla hajatoa damu, kwa sababu huweza kuharibu majibu ya kipimo cha tezi, na mtu akaanzishiwa matibabu ya ugonjwa asiokuwa nao.