Historia ya Mtoto wa Jicho na Tiba Yake

Katika vijiji vingi si ajabu kumwona mzee akiongozwa na mjukuu wake, mkono mmoja ameshika fimbo na wa pili ameuweka begani mwa mtoto. Mboni za macho yake, zilizokuwa nyeusi ujanani, zimekuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukimwuliza ana nini, hukujibu, "Ni uzee, mjukuu wangu." Jibu hilo ni kweli nusu. Ugonjwa huu uitwao mtoto wa jicho huwapata zaidi wazee, lakini si kweli kwamba hauna tiba. Tiba ipo, na habari za jinsi ilivyopatikana zafaa kujulikana na kila kijana, maana zimejaa makosa, ujasiri na subira.

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi, kitu kidogo kiangavu chenye umbo la punje ya dengu. Kazi yake ni kukusanya nuru na kuielekeza nyuma ya jicho ili tuone. Miaka ikipita, au jicho likiumizwa, au mtu akiwa na ugonjwa wa kisukari, lenzi yaweza kupoteza uangavu wake na kuingia ukungu. Hapo mtu huona kama atazamaye nje kupitia dirisha lenye mvuke. Mwishowe hujua tu kwamba huu ni mchana na huu ni usiku.

Watu wa kale hawakuyajua hayo. Matabibu wengi wa Kiyunani na wa Kiarabu walidhani kwamba maji mabaya hushuka kutoka kichwani yakaganda mbele ya lenzi. Hata hivyo hawakukaa mikono mitupu. Vitabu vya kale vya Bara Hindi, vinavyonasibishwa na tabibu Sushruta, vyaeleza jinsi ya kulichoma jicho kwa chombo chembamba ili kuuondoa ukungu katika njia ya nuru. Ufundi huo ulienea katika nchi nyingi. Waliousukuma ukungu huo hawakujua kwamba walikuwa wakiisukuma lenzi yenyewe, nayo ilibaki imelala chini ndani ya jicho. Karibu na mwaka 1000, tabibu Ammar bin Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alitumia sindano yenye tundu ili aunyonye ugonjwa na kuutoa nje kabisa.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa Mfaransa, Michel Brisseau. Mwaka 1705 alilipasua jicho la askari aliyekufa, akaona kwa macho yake kwamba weupe haukuwa mbele ya lenzi, bali ulikuwa ndani ya lenzi yenyewe. Wakubwa wa elimu hawakumsadiki upesi, kwa kuwa ni vigumu kuyaacha mafundisho yaliyorithiwa kwa mamia ya miaka.

Wakati huo huo wagonjwa waliendelea kuumia. Mwaka 1750 mtunzi mashuhuri wa muziki wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach, alipasuliwa macho mara mbili na Mwingereza John Taylor, aliyezunguka mji hata mji akijisifu kwa ufundi wake. Bach alipofuka kabisa, akafariki Julai mwaka ule ule.

Kumbe njia iliyo bora ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1747 Mfaransa mwingine, Jacques Daviel, alijaribu kumtibu mgonjwa kwa sindano asifaulu. Badala ya kumwacha gizani, alilikata jicho upande wa mbele, akaitoa lenzi iliyoharibika. Lakini maumivu yalikuwa makali mno, kwa sababu hapakuwa na dawa ya ganzi. Ilikuwa mwaka 1884 ndipo daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, alipogundua kwamba matone ya kokeini hulitia jicho ganzi, mgonjwa akapasuliwa akiwa macho bila kusikia uchungu.

Likabaki tatizo moja. Jicho lisilo na lenzi haliwezi kuona vizuri, kwa hiyo mgonjwa alipewa miwani mizito. Miwani hiyo ikivunjika au ikipotea, aliyekuwa ameponywa alirudi kupapasa kama zamani.

Dawa ya tatizo hilo ilitokea vitani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Waingereza zilipopigwa risasi, vipande vya plastiki ngumu vya madirisha yake viliingia machoni mwa marubani. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande hivyo vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Baada ya vita, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akimtazama akiitoa lenzi ya mgonjwa alimwuliza kwa nini hawekei nyingine mahali pake. Swali hilo halikumtoka moyoni. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', aliweka lenzi ya plastiki katika jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimlaumu kwa miaka mingi, lakini hakuiacha kazi yake. Alipokuwa mzee, yeye mwenyewe alitiwa lenzi za namna hiyo, na mwaka 2000 akapewa heshima na Malkia wa Uingereza.

Hata hapo lenzi zilikuwa ghali, maskini hawakuzipata. Huko Madurai, Bara Hindi, daktari Govindappa Venkataswamy, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, alistaafu kazi ya serikali, akafungua hospitali ya Aravind mwaka 1976 yenye vitanda 11. Matajiri walilipa, na maskini wakatibiwa bure. Mwaka 1992 kikaanzishwa kiwanda cha kutengeneza lenzi za bei nafuu. Hapa Afrika, kiwanda kama hicho kilifunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994.

Siku hizi upasuaji huu kwa kawaida hauzidi nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Hapa Kenya hufanywa katika hospitali nyingi. Hata hivyo, mtoto wa jicho angali akiongoza duniani kwa kupofusha watu. Wengine huzuiwa na umbali, wengine na gharama, na wengine na hofu. Wako pia wanaopoteza miaka wakitia macho majani na matone, na hali hakuna dawa ya kutia iwezayo kuisafisha lenzi iliyoingia ukungu. Tena si kila jicho lififialo lina mtoto wa jicho. Presha ya macho huharibu mshipa wa kuonea, na nuru iliyopotea kwa ugonjwa huo hairudi. Ndiyo sababu mgonjwa hana budi kupimwa mapema.

Swali moja la mwanafunzi lilisaidia kuwarudishia watu wengi nuru. Basi nawe, msomaji, ukimsikia babu yako akisema, "Ni uzee tu," usinyamaze. Mwulize kwa adabu, "Babu, je, umekwenda kupimwa?"